YAH: KUACHWA HIFADHINI MIKUMI NA GARI LENU LISILO NA TAIRI LA SPEA

Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nilikodi gari kwenu Dar es Salaam kumpeleka mama yangu Iringa. Saa kumi na mbili na nusu jioni, tumeshaipita Doma, tuko ndani ya hifadhi, tairi la nyuma likachanika ubavuni. Nafungua buti, nainua zulia: panapokaa spea pana kipampu cha umeme na chupa ya gundi. Jeki hakuna, spana hakuna. Gundi hiyo huziba tundu la msumari kwenye kashata za tairi. Ubavu uliochanika haiuzibi, na hilo mnalijua kuliko mimi.

Nikapiga namba yenu ya dharura. Kijana akanijibu, "Dada, kwani wakati unasaini hukuona gari halina spea?" Nikamwambia nina mgonjwa wa sukari, giza linaingia, tembo tumewapita sasa hivi. Akakata simu. Nilipiga tena mara nne, hakuna aliyepokea.

Aliyetusaidia ni dereva wa lori la Tunduma. Alitutandikia matawi barabarani, akampigia fundi wa Mikumi mjini, naye akafika saa tatu usiku na tairi la mtumba, 195/65 R15. Nililipa Sh 140,000. Asubuhi nakabidhiwa gari, mfanyakazi wenu aliniambia kila kitu kipo kwenye buti. Hata hiyo gundi ilikuwa imeshapita muda wake, picha nimeambatanisha.

Narudia, maana naona halijawaingia. Mtu yuko gizani, mbugani, na mama yake wa miaka 71. Anapiga namba mliyompa wenyewe, anaulizwa kwa nini alisaini, anakatiwa simu. Spika ilikuwa wazi, mama alisikia kila neno. Akaniambia, "Mwanangu, waache, tumwombe Mungu."

Na juzi, pole sijapewa, mmenikata Sh 250,000 kwenye pesa ya dhamana kwa "uharibifu wa tairi"!

Nilikuwa nidai hizo tu. Sasa nataka zote: 250,000 mlizokata, 140,000 za fundi, na kodi ya siku ile. Kijana yule ampigie mama yangu amwombe radhi kwa mdomo wake. Nawapa siku saba. Siku ya nane barua hii na picha zake zitakuwa Tume ya Ushindani, na wakili wangu atawaandikia. Msinijibu kwa kunitumia mkataba, ninao.

Mteja wenu wa mwisho katika familia hii.