Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Safari na Maskani ya Baridi ya Bukini Mdogo Mwenye Paji Jeupe

Ndugu wanachama,

Mweka hazina na katibu watasoma taarifa zao wenyewe, kwa hiyo sitagusa hesabu za fedha wala mahudhurio. Muda wangu nauweka kwa ndege tunayemfuata, bata bukini mdogo mwenye paji jeupe, na kwa rejista yetu ya mahali anapoonekana. Mwaka huu nimepitia fomu zote, karatasi moja baada ya nyingine, na lipo jambo ambalo ni lazima tulirekebishe kabla ya msimu ujao: safu ya makinda tunaiacha wazi mno.

Nieleze kwa nini naisemea kwa nguvu hivi. Bukini huyu, ambaye jina lake la kisayansi ni Anser erythropus, yuko kwenye orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, na kundi linalotaga kaskazini mwa Norwei na Ufini ndilo linaloninyima usingizi. Mwanzoni mwa karne ya 20 lilikuwa na ndege zaidi ya 10,000. Leo jozi zinazotaga ni makumi machache tu. Mwezi Mei hukusanyika kwenye nyanda chepechepe za chumvi za Valdak, ukingoni mwa hori ya Porsanger huko Finnmark, wakila majani mafupi na kunenepa kabla ya kupanda kwenye viota. Hapo wote wako pamoja. Kinachofuata ndicho kinachowatenganisha.

Jozi iliyofanikiwa kulea hurudi Valdak na watoto wake, kisha hushuka kupitia mbuga za Hortobágy nchini Hungaria hadi ziwa Kerkini, Ugiriki, na baadaye kwenye delta ya mto Evros mpakani na Uturuki. Jozi iliyopoteza mayai au vifaranga haina cha kuisubirisha. Huondoka mapema kuelekea mashariki, ikanyonyoka manyoya kaskazini mwa Urusi, wengine hadi rasi ya Taimyr, halafu hushuka kwa bonde la mto Ob na kaskazini mwa Kazakhstan, ndipo igeuke magharibi kuelekea Ugiriki ileile. Ni mzunguko mrefu ajabu, na njia nzima ina bunduki. Bukini wetu huruka wakiwa wamechanganyika na binamu zao wakubwa wenye paji jeupe, ambao kuwindwa kwao kunaruhusiwa sehemu nyingi, na mwindaji wa alfajiri hatofautishi.

Kwa hiyo mbweha mwekundu anayekula mayai Finnmark mwezi Juni anaweza kuwa amemuua na mzazi pia, miezi michache baadaye, maelfu ya kilomita kutoka pale. Tangu 2008 Norwei imekuwa ikipunguza mbweha kwenye eneo la kutagia, na kundi lililokuwa likididimia likaanza kujikongoja kwenda juu. Familia zikiwa nyingi, wanaokwenda mashariki wanapungua. Ndugu zangu, ndiyo maana fomu inayosema "bukini kumi na wawili, Kerkini" hainitoshi. Ni wazazi na watoto wangapi? Walikaa kifamilia, au ni wakubwa watupu waliofika wamechelewa? Majibu hayo mawili ni habari mbili tofauti kabisa.

Sasa matumbo. Bukini aliyekomaa ana mabaka meusi tumboni, na hakuna wawili wanaofanana. Picha nzuri ya ubavu wa kushoto na wa kulia inatosha kumtambua bila kumshika wala kumvika pete, na kwa njia hiyo jozi zilizoonekana Valdak hutambuliwa tena Hungaria na Ugiriki. Mezani kwangu ipo picha moja iliyoletwa na mwanachama mwaka huu ambayo nimeitazama mara nyingi kuliko zote: dume amesimama kwenye tope, jua linampiga kwa mbele, baka la kushoto limekatika katikati kama mwezi mwandamo uliovunjika, la kulia ni mstari mmoja mnene unaopanda hadi ubavuni. Mpiga picha alingoja hadi ndege akageuka, akapiga na upande wa pili. Huo uvumilivu wa kungoja ageuke ndio ninaouomba kwa kila mmoja wetu.

Lazima pia niseme kosa langu. Niliidhinisha kumbukumbu moja kwa kutegemea paji peke yake. Kamati iliporudia picha, jicho halikuonekana vizuri na mdomo ulikuwa mrefu mno; alikuwa yule binamu, bukini mkubwa mwenye paji jeupe. Tumeiondoa rejistani, na nawaomba radhi waliokuwa wameshaitumia. Paji la ndege wetu hupanda hadi utosini, lakini kinda halina paji jeupe wala mabaka katika majira yake ya kwanza. Mtazame jicho: duara la njano analo tangu utotoni. Mdomo ni mfupi, wa waridi, na ncha za mbawa zilizokunjwa hupita mkia. Akila, hatua zake ni za haraka haraka kuliko za wenzake.

Kerkini yenyewe inataka macho zaidi. Ni ziwa la bwawa lililojengwa 1932, na maji yake hupanda na kushuka kwa mahitaji ya umwagiliaji. Bukini hulala majini na kulisha kwenye malisho yenye unyevu, hasa pale nyati-maji walipofupisha nyasi. Andikeni kimo cha maji na mahali walipolala, si mahali walipolisha tu.

Kuhusu kundi la mashariki, ambalo ni tofauti na jozi za Norwei zinazozungukia Urusi, nitasema machache. Hupitisha baridi zaidi katika ziwa Dongting, China, likila majani ya jamii ya ndago yanayochipua maji yakipungua. Maji yakiondoka mapema mno, majani hurefuka na kukomaa kabla ndege hawajafika. Yakichelewa, hakuna cha kula. Tarehe ya maji kushuka iandikwe pamoja na idadi.

Ndege wa Uswidi, ambao tangu 1981 walirudishwa kwa kulelewa na bukini wa aina nyingine na kufundishwa njia ya Uholanzi, wabaki kwenye daftari lao. Fomu kadhaa zimewachanganya na wa Norwei. Katibu atazitenganisha.

Fomu mpya zina safu mbili zilizoongezwa kando ya ile ya makinda: mabaka ya kushoto na kulia, na kimo cha maji. Siku usipoona bukini hata mmoja, andika sifuri na saa ulizokaa, kisha itume. Zile za Hortobágy zifike kwa katibu kabla ya mwisho wa Novemba ili tuzilinganishe na za Kerkini wakati ndege bado wapo pale.

Mwenyekiti