Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Maoni Yetu Yamefika, Je, Yamesomwa?

Ndugu wanachama, mama zetu na baba zetu wa soko,

Hesabu za mwaka atazisoma mhazini, na mambo ya wagonjwa na misiba yamo kwenye ripoti ya katibu. Mimi nitashika jambo moja tu, kwa sababu ndilo lililoilia kamati muda mwingi: jinsi tulivyopeleka maoni serikalini kwa njia ya mtandao.

Mapema mwaka huu ofisi moja ya umma ilitoa rasimu ya kanuni za ada za soko. Tangazo liliwekwa mtandaoni, na maoni yakatakiwa kwa barua pepe. Wengi wetu hapa soko la Kibuye, Kisumu, Kenya, tulilipata kupitia WhatsApp, siku za mwisho zikiwa zimekaribia. Rasimu yenyewe ilikuwa ya Kiingereza kitupu, kurasa zimepigwa picha, na ada zimefichika kwenye jedwali la mwisho kabisa. Mama mmoja anayeuza omena, yaani dagaa, aliivuta skrini kwa vidole viwili hadi tarakimu zikaonekana, akauliza: “Kwani gunia ni gunia tu?”

Swali hilo ndilo lililotuamsha. Jedwali lilitoza ada moja kwa kila gunia linaloingia sokoni. Gunia la mahindi ni kilo 90. La omena iliyokauka linajaza mkokoteni lakini ni jepesi, na mwenyewe huliuza gorogoro kwa gorogoro, yaani kwa kopo la kupimia, siku nzima. Naamini aliyeandika rasimu hakuwa na nia mbaya. Hakuwa akilijua gunia la omena. Na ndiyo sababu Katiba, katika Kifungu cha 10, imeuweka ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa. Anayelipa ada anajua kitu ambacho mwandishi wa kanuni hakijui.

Vijana wetu walipokea maoni kwa ujumbe wa sauti, kwa Kiswahili na Dholuo, wakayaandika, kisha wakamsomea kila mtu maneno yake kabla ya kuyatuma kwa jina lake. Wapo waliotaka tuandike barua moja na kuinakili kwa majina ya wanachama wote, ili tuonekane wengi. Kamati ilikataa, nami nasimama na uamuzi huo. Marekani, ambako wananchi wametuma maoni kuhusu kanuni kupitia tovuti ya Regulations.gov tangu 2003, wameshaona hatari yake. Mwaka 2017 tume yao ya mawasiliano ilipokea maoni zaidi ya milioni 22 kuhusu kanuni za intaneti. Uchunguzi wa Mwanasheria Mkuu wa New York, uliotolewa 2021, ukaonyesha kwamba karibu milioni 18 yalikuwa bandia. Mwanafunzi mmoja wa chuo peke yake alituma zaidi ya milioni 7. Mtu wa kweli aliyeandika shida yake alizama humo.

Baada ya kutuma, kimya. Hakuna hata neno la kusema yamepokelewa. Tunajua kwamba Oktoba 2024 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Sheria ya Fedha ya 2023, ilisema Bunge halilazimiki kutoa sababu za kukubali au kukataa kila pendekezo la wananchi. Uamuzi huo tunauheshimu, ingawa mimi binafsi unanisikitisha. Tukatumia mlango mwingine: Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, inayoruhusu ombi kuandikwa kwa Kiswahili na kutaka uamuzi kuhusu ombi hilo utolewe ndani ya siku 21. Jibu lilikuja. Hoja ya omena ilikuwa imeingizwa kwenye orodha yao, na katika kanuni za mwisho ada imewekwa kwa uzito. Ombi letu kuhusu saa za kushusha mizigo halikukubaliwa, na hatukuambiwa kwa nini. Tutalirudia.

Kuna wanachama, hasa wazee wetu wa upande wa vyungu, ambao hawana simu ya kufungua faili. Mwaka 2014 Jaji George Odunga alipobatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013, alitaja makanisa, misikiti, mabaraza na redio za lugha za wenyeji kuwa njia za kuwafikia watu. Kwa hiyo kila rasimu ikitangazwa mtandaoni, tutaiandikia ofisi husika kudai baraza hapa sokoni, bila kungoja kuitwa.

Kamati inaomba mkutano huu uidhinishe mambo mawili: fedha za bando na uchapishaji kwa vijana wanaoandika maoni, na daftari moja la nakala za kila tulichotuma, pamoja na tarehe na jibu lake. Daftari litakaa kwa katibu, na mwanachama yeyote ataruhusiwa kulisoma.

Mwenyekiti