Mabuti yaoshwe kabla ya kuingia msituni kutafuta vinyonga na vyura

Mhariri,

Kila vuli inapokaribia, watu huanza kuulizia safari za usiku katika msitu wa Amani, wilayani Muheza. Wanataka kuwaona vinyonga, vyura, mijusi na nyoka, si kwa utafiti wala biashara, ila kwa mapenzi tu, kama wengine wanavyopenda kuangalia ndege. Nasi tunawakaribisha. Milima ya Usambara Mashariki, ulipo msitu huu, ina viumbe wasiopatikana popote pengine duniani, na wenye nchi wana haki ya kuwajua. Lakini anayejiandaa kwa safari hii huuliza kwanza anunue tochi gani. Habari ya mabuti haiulizwi, na buti lenye tope linaweza kuua vyura wengi ambao mwenye buti hakuwahi hata kuwaona.

Kisa cha chura wa Kihansi kinajulikana, ila nusu yake husahaulika. Chura huyo wa manjano, asiyefika sentimita 3, aligunduliwa mwaka 1996 katika korongo la mto Kihansi, milima ya Udzungwa, akiishi kwenye hekta chache tu zilizolowana kwa manyunyu ya maporomoko. Bwawa la umeme lilipojengwa manyunyu yakakauka, na hiyo ndiyo sehemu inayosimuliwa. Baadaye yakafungwa mabomba ya kunyunyizia maji, na vyura wakaongezeka tena. Kisha mwaka 2003 wakafa kwa maelfu ndani ya miezi michache, na ikagundulika kuwa walikuwa wameingiwa na kuvu iitwayo kitridi. Wataalamu hawakukubaliana kwamba kuvu peke yake ndiyo iliyowamaliza, lakini imo miongoni mwa sababu zinazotajwa. Mwaka 2009 chura huyo alitangazwa kuwa ametoweka porini. Aliyepo leo ametokana na wale takribani 500 waliopelekwa Marekani mwaka 2000, na uzao wao ukaanza kurudishwa korongoni mwaka 2012.

Kitridi hushambulia tabaka la juu la ngozi. Chura hunywa maji kwa ngozi, hupumua kwa ngozi, na husawazisha chumvi za mwili kwa ngozi hiyohiyo; ikiharibika, chumvi hupungua mpaka moyo unasimama. Vijimbegu vya kuvu hii huogelea majini na hubaki hai kwenye tope bichi. Tope likinasa kwenye soli leo bondeni, kesho likakanyagwa kwenye kijito cha mlimani, safari yake imekamilika.

Kuosha kwenyewe si kazi ngumu, ila kuna mpangilio. Anza na brashi ngumu na maji, utoe tope lote kwenye mifereji ya soli, maana tope hula nguvu ya klorini iliyomo kwenye jiki na dawa haifiki kwenye mpira. Fanya hivyo palepale unapotoka, kabla hujapanda gari. Ndipo ije jiki. Ile ya kawaida ya madukani ina takribani asilimia 3.5 ya dawa (soma kibandiko, chupa hazilingani), hivyo kikombe kimoja kwa vikombe viwili vya maji kinakupa zaidi kidogo ya asilimia 1. Nguvu hiyo huua kitridi kwa dakika moja. Sisi tunashauri dakika tano, kwa kuwa soli ina pembe nyingi. Changanya siku hiyohiyo, kwani mchanganyiko uliolala hupoteza nguvu. Usiichanganye kamwe na dawa ya choo yenye asidi, hutoa gesi ya sumu. Suuza mabuti mbali na kijito na maji yake uyamwage kwenye shimo la udongo, kwa sababu jiki inayoua kuvu huua pia viluwiluwi. Fimbo na miguu ya stendi ya kamera navyo vioshwe vivyo hivyo.

Asiye na jiki anaweza kukausha. Kuvu hii haivumilii ukavu, na saa tatu za kukauka kabisa zinaimaliza. Neno ni "kabisa". Buti la kitambaa huonekana kavu nje huku sponji ya ndani ingali mbichi hadi siku ya pili, na ndiyo maana tunasisitiza gambuti za mpira.

Sasa kutafuta. Kinyonga ni rahisi kuonekana usiku kuliko mchana. Akilala rangi yake hufifia hadi kukaribia weupe, na mwanga wa tochi humtenga na majani ya kijani. Hulala kwenye ncha ya kitawi chembamba, kwa kuwa nyoka akimjia tawi hutikisika, naye hujiachia akaanguka. Basi mulika ncha za matawi, usipoteze muda kwenye mashina. Vinyonga wadogo wa majani makavu, ambao hawazidi sana urefu wa kidole, hulala kati ya goti na kiuno cha mtu, na wengi hupitwa kwa sababu tochi zote zimeelekezwa juu. Kinyonga mwenye pembe tatu, aliyepewa jina la kisayansi kutokana na Derema, jirani na Amani, mara nyingi hulala juu zaidi (dume ndiye mwenye pembe, jike hana hata moja). Kwa hao wa juu tafuta njia inayokata mteremko, usimame ukingoni na kumulika vilele vya miti ya upande wa chini, ambavyo hapo viko sawa na macho yako.

Tochi ya kichwani yenye lumeni (kipimo cha mwanga) 200 hadi 300 inatosha, na nyingine ya akiba mfukoni ni lazima. Mwanga ukitokea karibu na macho yako, macho ya vyura hukurudishia nuru. Ya buibui nayo hung'aa, ila ni nukta ndogo za kijani-buluu kama umande. Ukijifunza tofauti hiyo usiku wa kwanza utaokoa muda mwingi. Macho ya nyoka usiyategemee. Huyo utamtambua kwa umbo: mstari uliolala kinyume na matawi yanavyoota, au mng'ao wa magamba. Anza saa mbili usiku, vinyonga wakiwa wameshalala. Piga hatua mbili, simama, mulika kushoto kutoka chini hadi juu, kisha kulia. Kilomita moja kwa saa mbili ni mwendo mzuri. Upepo mkali ukivuma rudini, kwani majani yakicheza huoni kitu.

Vyura hutafutwa kwa masikio kwanza. Zimeni taa zote. Wakinyamaza subirini dakika mbili tatu wataanza tena. Watu wawili wasimame hatua tano mbalimbali, kila mmoja anyooshe mkono gizani kuelekea sauti, kisha wawashe taa. Mistari ya mikono yao inapokutana ndipo chura alipo, na mara nyingi ni karibu kuliko walivyodhani. Usigande kijitoni tu. Chura wa Tornier, ambaye ni wa milima hii, huzaa watoto waliokwisha kuwa vyura kamili, hana haja ya dimbwi la viluwiluwi, na usiku huonekana juu ya majani ya vichaka mbali na maji.

Magogo yana adabu yake. Lishike kwa upande wa mbali, kwa fimbo yenye kulabu, ulivute kuelekea kwako, ili gogo libaki kati yako na aliyelala chini yake. Vidole visiingie chini kamwe. Ukishaona, mnyama asogezwe pembeni kwanza, gogo lirudishwe kama lilivyokuwa, halafu aachwe aingie mwenyewe. Ukimrudisha yeye kwanza utamponda. Unyevu wa chini ya gogo hujengeka kwa miezi, na gogo linalogeuzwa kila wiki hugeuka kuwa kuni kavu. Magome ya miti iliyokufa msiyabandue, hayarudi.

Hapo chini ya gogo, au kwenye udongo wa shamba, unaweza kukutana na kiumbe kama nyungunyungu mkubwa: ana pingili, hana miguu, wala macho hayaonekani. Wakulima humkata kwa jembe wakidhani ni nyoka. Ni amfibia, ndugu wa chura, na hana madhara kwa mtu. Jamaa yake wa milima ya Taita, Kenya, hulea watoto kwa kuwaacha wale tabaka la juu la ngozi yake, jambo lililoelezwa na watafiti mwaka 2006. Tunaomba walimu wa sayansi wa vijiji vya mlimani wamtaje kiumbe huyu darasani.

Kushika, bora usishike. Mikono iliyopakwa dawa ya mbu ni sumu kwa chura, kwani ngozi yake hufyonza kila kinachoigusa. Ikibidi kumhamisha njiani, tumia mfuko mpya wa plastiki uliolowanishwa, mmoja kwa chura mmoja. Kinyonga usimvute tawini. Hushikilia kwa nguvu zote na miguu huumia. Aliyelala mwache alale, piga picha tatu nne, uondoke.

Kwa nyoka maneno ni machache: hashikwi, hata na anayejidai anamjua. Mwembamba wa rangi ya kijiti kikavu anayetulia akikutazama huonekana mpole, na wapo waliowahi kumbeba kwa kudhani hana sumu. Sumu yake huzuia damu kuganda, na dawa yake haijatengenezwa popote. Kaa zaidi ya mita mbili. Kwa swila, anayetema, vaa miwani, na sumu ikikuingia machoni suuza kwa maji mengi kwa dakika 15 hadi 20. Aliyeumwa atulizwe, pete na saa vivuliwe, kiungo kisitikisike, abebwe badala ya kutembea. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba. Na kabla ya safari, mchana, pigeni simu hospitali kuuliza kama dawa ya sumu ya nyoka ipo siku hiyo, maana kuwepo mwezi uliopita hakusaidii kitu.

Limebaki suala la picha. Msitu wa Kimboza, Morogoro, ndio makao ya mjusi mdogo ambaye dume lake ni la buluu inayong'aa. Huishi kwenye mikadi, mimea ya majani marefu yenye miiba. Wafanyabiashara walipojua anapopatikana walikata mikadi yenyewe ili kuwafikia mijusi walioko juu, wakawauza nje kama wanyama wa kufugwa nyumbani. Tangu mwaka 2017 biashara ya kimataifa ya mjusi huyo aliyekamatwa porini imepigwa marufuku chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, lakini mkadi uliokatwa huchukua miaka kurudi. Kwa hiyo picha ya kinyonga adimu ikiwekwa mtandaoni na jina la kijito ni ramani tosha. Zima kurekodi mahali kwenye kamera ya simu. iNaturalist, mtandao wa kuwekea picha za viumbe, huficha yenyewe mahali pa viumbe walio hatarini, ila haiwezi kuficha ulichoandika kwenye maelezo. Andika "Usambara Mashariki", inatosha; vipimo kamili vya mahali wapewe wahifadhi. Kuchukua mnyama bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, awe mdogo kama ukucha.

Ombi letu kwa wanaosimamia hifadhi za mazingira asilia ni dogo. Katika geti la Zigi, la kuingilia Amani, na katika kila geti la milima ya Tao la Mashariki (Usambara, Udzungwa na mingineyo), liwepo beseni pana, brashi mbili, dumu la jiki lenye tarehe ya kuchanganywa, na mahali pa kusuuzia palipo mbali na kijito. Na mlinzi, kabla ya kukata tiketi, amuulize kila anayeingia, mgeni na mwenyeji: haya mabuti yalikanyaga wapi mara ya mwisho?

Waongoza wageni na wapenzi wa vyura na vinyonga,
Amani, Muheza, Tanga