Kikomo cha kila kifaa kiandikwe mbele

Mhariri,

Mimi ni mpiga picha za harusi, na kazi hunivusha mipaka mara kwa mara. Nina neno na wauzaji wa bima ya safari.

Ukurasa wa kwanza huonyesha kwa herufi nene jumla ya fidia ya mizigo. Kikomo cha fidia ya kila kifaa, ambacho mara nyingi hakifikii hata bei ya lenzi moja nzuri, kimejificha huko ndani kwa maandishi ya sisimizi. Zipo bima zinazohesabu kamera na lenzi iliyofungwa juu yake kuwa kitu kimoja! Tena kuna kile kifungu kisemacho vifaa vya kazi ya kulipwa havimo. Sasa sisi tunaokula kwa kamera tunauziwa nini? Kinachotufaa ni bima ya vifaa vyenyewe, kila kimoja na namba yake na thamani yake, na mkataba useme wazi kwamba inafanya kazi nje ya nchi.

Wengine hujipa moyo kwamba shirika la ndege litalipa. Mkataba wa Montreal wa 1999, unaohusu safari za ndege za kimataifa, unaweka ukomo wa SDR 1,519 (SDR ni kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa) kwa abiria, mizigo yake yote pamoja, isipokuwa awe ametangaza thamani kubwa zaidi kaunta na kulipia ziada. Tena betri za akiba za lithiamu haziruhusiwi kabisa kwenye mzigo unaokabidhiwa kaunta.

Naomba kampuni za bima ziandike kikomo cha kifaa kimoja pale pale mbele, kando ya hiyo jumla, kwa herufi zilezile.

Mpiga picha msafiri