Bahasha ya Juu ya Kabati

Mbagala, Jumamosi usiku

Shoga yangu Mama Nuru,

Asalaam aleykum. Habari za Tabora, Nuru hajambo, baba yake, wakwe zako wote wazima? Sisi huku wazima isipokuwa mama, na ndo maana naandika. Najua nimekaa kimya tangu Ramadhani, meseji zako nimeziona zote, ya Idi nimeiona na ile ya kuuliza kama nimebadili namba. Sikukudharau shoga, ni kwamba kila nikianza kuandika "mama anaumwa" najua utauliza anaumwa nini, na hapo ndo vidole vinagoma. Kupiga siwezi, nyumba yenyewe unaijua, ukuta wa kati haujafika juu, mama anasikia mpaka nikigeuka kitandani.

Mama ana kansa ya koo. Basi, nimeandika. Wiki ya tano hii sijalitamka hilo neno ndani ya nyumba hii.

Ilianza ugali kukwama, tangu kipindi kile cha kuvuna machungwa, akasema ni vidonda vya tumbo tu, akanywa dawa za duka, akanywa na za miti, akaacha ugali akahamia wali, akaacha wali akahamia uji, na sasa hivi hata uji anaunywa kwa kijiko cha chai, kila kijiko anafumba macho anaweka mkono kifuani anasubiri kishuke ndo achote kingine. Kikombe kimoja nusu saa. Tukamtoa Muheza tukamleta huku, wakamwingiza kamera, wakakata kinyama kikapelekwa maabara. Siku ya majibu aliamka mnyonge tukaenda mimi na kaka. Daktari akatuambia. Tulipotoka pale kwenye mabenchi kaka akanishika mkono, akasema mama asijue, ukimwambia utamuua wewe kabla ya ugonjwa, umemsahau yule mzee jirani yetu, kaambiwa Jumatatu na Jumatatu ya pili hakuiona. Nikasema sawa. Nikampa neno langu Mama Nuru, nilikuwa nalia, siku ile ningekubali chochote.

Kwa hiyo mama anajua ana "vidonda kooni". Majibu nikayaweka kwenye bahasha ya kaki juu ya kabati, chini ya mabegi.

Sasa sikia. Jumatano natoka sokoni, nafika mlangoni namkuta mama kakaa kwenye mkeka, bahasha iko mapajani, na mwanangu kasimama na ile karatasi mkononi. Kizungu chote, mama hakijui, kamwita mjukuu. Namsikia anamwambia, "hebu nisomee baba, wakubwa zako wananizungusha." Mtoto wa kidato cha pili. Nikaona macho yake yanashuka mstari kwa mstari, yakafika mahali yakasimama. Akaniangalia. Mimi sikusema kitu, sikutikisa hata kichwa, nimeshika mfuko wa ndizi. Akarudi kwenye karatasi akasema, "Bibi wameandika una vidonda, ule vitu laini."

Mama akamtazama kwa muda. Akaichukua karatasi, akaikunja kwa mikunjo yake ile ile, akairudisha, akasema, "umesoma vizuri mjukuu wangu."

Usiku mtoto hakula. Akaja kuniuliza mama, nimefanya vibaya? Na mimi niliyemchapa akiwa darasa la tatu kwa kunidanganya chenji ya shilingi mia mbili, sikuwa na jibu.

Tangu siku hiyo silali, na kichwani kinanirudia kile kipindi cha falsafa pale Mlimani, mchana baada ya kula, wewe unasinzia mimi naandika notisi za wote wawili. Ile habari ya tramu, dereva breki hazishiki, mbele kuna watu watano relini, akikata kona ataua mmoja. Aliitunga yule mwanafalsafa Philippa Foot, 1967, mpaka mwaka naukumbuka. Na yule jamaa wa Mwanza akanyoosha mkono akauliza hiyo tramu trafiki walikuwa wapi siku zote, darasa zima likaanguka. Mwalimu naye alicheka. Lakini sasa naona kwa nini ule mfano haunisaidii. Pale wote ni wageni, dereva ana sekunde chache, akishamaliza hadithi imeisha. Mimi nina wiki tano na kila asubuhi ndo nakoroga uji wa huyo mtu.

Halafu kuna ule mfano wa Plato, yule mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, mtu anakuachia silaha zake umtunzie, anarudi akili zimeruka anazitaka. Kurudisha amana ni haki, lakini hapo hakuna anayehangaika sana, humpi. Njia ni mbili ila moja nzito, nyingine inapisha. Nimejiuliza sana kama wangu ni wa namna hiyo, kwamba ukweli ni mzito na ahadi ya kaka inatakiwa ipishe tu, na mimi naita mtanziko, yaani kukwama kati ya mambo mawili, kumbe ni woga. Siku nyingine naamini hivyo kabisa. Siku nyingine namsikia mama anacheka na majirani, anapanga akipona arudi akasimamie machungwa yake, na naona kaka hajakosea. Presha anayo, unajua. Anachomlindia ni kile kicheko.

Wiki za mwanzo nilidhani shida ni kutojua. Yaani ningempata mtu wa kuniambia mama akijua itakuwaje, atavunjika au atakaza moyo, basi ningejua la kufanya. Huo ni mtanziko wa gizani, taa ikiwaka umekwisha. Lakini baada ya Jumatano sioni giza tena, naona kila kitu, na bado nimekwama. Akijua atapoteza kitu, asipojua atapoteza kitu, na vyote ni vyake. Hapo ndo nikamkumbuka yule kijana aliyemwendea Sartre, mwanafalsafa wa Ufaransa, wakati wa vita, kaka yake kauawa 1940 Wajerumani walipovamia, mama yake kabaki naye peke yake, na yeye anataka kwenda Uingereza kujiunga na wapiganaji. Sartre alikuja kuisimulia Paris, 1945. Akamjibu uko huru, chagua. Tulipokuwa chuo tuliliona jibu kubwa sana, tulilibishania mpaka kantini. Leo linaniuma. Yule kijana alijua yuko huru, ndo kilichomtoa kwao.

Na cha kuniumiza zaidi, nusu ya huu mtego nimeutega mwenyewe. Ugonjwa kaleta Mungu, ahadi nimeitoa mimi kwa mdomo wangu. Kama nisingesema "sawa" pale kwenye benchi ningekuwa na jambo gumu tu, sio mambo mawili yanayoshikana koo. Wahenga wanasema njia mbili zilimshinda fisi, ila fisi alikuwa anafuata nyama mbili, ilikuwa tamaa. Mimi sina ninachotamani kwenye njia yoyote.

Tena huu mtanziko hauko kichwani mwangu peke yangu. Kaka ana wajibu wa kumlinda mama, huo ni kweli. Daktari anasema mgonjwa wangu ni yeye sio nyie, na kweli tena. Mtoto alikuwa na wajibu kwa bibi yake na kwangu. Ukimchukua kila mmoja peke yake kasimama mahali pazuri kabisa, na kwa pamoja tumemzunguka mama mmoja tumemzibia hewa. Hili darasani sijui kama tulilifika, au ndo ulikuwa unasinzia na mimi nikawa nakutazama.

Nilimwendea ustadhi. Aliniuliza kitu kimoja tu, mama ana madeni? Ana wasia? Shoga, nikakaa chini. Mama na mama mdogo hawasemeshani mwaka wa nne huu kwa ajili ya ule mpaka wa shamba. Akijua muda wake, najua kabisa atampigia usiku huo huo. Tukimficha tunamlinda na hofu lakini tunamnyima pia kusamehe na kusamehewa, na hicho mimi na kaka hatuwezi kumfanyia hata tukimpenda vipi. Mwenyewe mama ndo alikuwa anatuimbia kila siku, mficha maradhi kifo humuumbua.

Sasa Jumanne tuna miadi Ocean Road, mionzi. Mtu wa umri wa mama akisikia Ocean Road hahitaji mjukuu wa kumsomea kitu. Kaka anasema tumwambie tunaenda hospitali ya pale baharini kuangaliwa kifua. Jina lenyewe ni Taasisi ya Saratani Ocean Road, na mama Kiswahili anakisoma bila miwani.

Nimefika mahali nadhani nimeamua. Daktari aliniambia msimmwagie, muulizeni anataka kujua kiasi gani. Kwa hiyo nataka kesho usiku nimuulize tu, mama, ile karatasi unataka nikuambie ilichoandikwa, au unataka tubebe sisi? Akisema bebeni, nitabeba. Akisema niambie, nitamwambia. Lakini hata hivyo kaka nitakuwa nimemvunjia neno, na usiniambie kwamba kwa kuwa nimefanya sahihi basi sina deni kwake. Ninalo. Nitamwomba msamaha wa kweli huku nikijua ikirudi tena ningefanya vile vile. Hili nimejaribu kumweleza baba watoto akasema kama ni sahihi unaombea nini msamaha, nikashindwa kumfafanulia, ila naamini wewe utanielewa.

Kwa sababu nyie mlipita hapa. Mlimficha mzee wenu ugonjwa wake miezi saba, nilikuwepo, nilikaa kikao kile sebuleni kwenu na nilinyamaza. Sijawahi kukuuliza na naomba usinichukie kwa kuuliza leo. Mzee alijua? Aliwahi kukuambia kitu siku za mwisho, au alikuangalia tu, kama mama alivyomwangalia mwanangu? Kuna jambo alilokuwa anataka kulimaliza likabaki? Ukirudishwa nyuma ungesema? Na dada yako mkubwa, yule aliyetaka aambiwe, mlipatana mwishowe?

Na mtoto nimwambie nini Mama Nuru? Nimwambie hakukosea?

Na kaka, unaweza kumpigia wewe? Kabla ya kesho magharibi. Mimi hanisikilizi, wewe tangu zamani anakuheshimu, usimwambie akubali, mwambie tu ilivyokuwa kwenu.

Mama anakohoa, naenda kumwinua. Jumanne tunatoka saa kumi na mbili asubuhi, bajaji nimeshaongea nayo.

Wako,
Mama Abdul