Jiwe namba 1 liwekwe barabara ya Likasi

Bwana Mhariri,

Nilisoma katika gazeti lenu makala iliyosema kwamba Haut-Katanga ni mkoa wa shaba na kobalti, na kwamba mambo ya utalii tuwaachie watu wa Goma wenye volkano na masokwe wao. Mwandishi akamalizia kwa kuuliza: mgeni akija Lubumbashi umpeleke wapi, akaangalie terili, lile lima la taka za mgodi? Nilicheka peke yangu. Halafu nikaona heri nijibu, maana jibu la swali hilo nimewahi kulipata bila kuuliza, na nililipata jangwani.

Mimi si mtu wa utalii, kazi yangu ni motokari. Mara mbili tatu kwa mwaka nashuka Walvis Bay, Namibia, kuchukua magari ya mtumba yanayoshushwa pale kutoka Japani. Nayarudisha kwa barabara: Otjiwarongo, Rundu, Katima Mulilo, daraja la Zambezi, Livingstone, Lusaka, Ndola, hadi Kasumbalesa, mpakani kwetu. Ni zaidi ya kilomita 2,000. Katika safari hiyo jangwa kwetu ni kipande cha kukipita usiku huku unaomba tairi lisipasuke. Safari iliyopita karatasi za bandari zilichelewa, wakala akatuambia Ijumaa turudi Jumatatu. Dereva mwenzangu, kijana wa Likasi, akasema hawezi kukaa siku mbili anatazama ukuta wa chumba. Tukakodi pikapu, tukalipia kibali katika ofisi ya wizara ya mazingira pale Swakopmund, na Jumamosi alfajiri tukaingia Namib.

Asiyefika huko anadhani jangwa ni jua tupu. Sisi tulitoka tumevaa makoti na waipa zinafanya kazi. Bahari ya upande ule ni ya baridi, kuna mkondo wa Benguela unaopanda kutoka kusini, basi hewa ikigusa maji yale inageuka ukungu na kuingia bara kilomita nyingi. Mvua ni haba sana, kinachonywewa na wadudu na mimea ni ule ukungu. Sisi Lubumbashi tunapata kama milimita 1,200 za mvua kwa mwaka na bado tunalalamika kwamba ardhi yetu haina kitu cha kuonyesha.

Pamoja na kibali tulipewa karatasi ya maelezo. Kando ya njia tuliyoshika, ambayo ni ya changarawe iliyopitishwa greda, wameweka mawe yenye namba, 13 kwa jumla. Ukifika kwenye jiwe unasimama, unasoma namba yake kwenye karatasi, unashuka, unaangalia. Basi, hakuna zaidi. Hakuna hoteli hapo, hakuna kiongozi wa kukufuata. Kuna jiwe, namba na karatasi.

Jiwe la kwanza tulilosimama lilikuwa kwenye uwanda mtupu. Kijana wa Likasi alizunguka gari mara mbili akitafuta tulichoitiwa. Chini kulikuwa na vitu vyeusi vimejikunja juu ya kokoto, kama kutu, kama majani ya chai yaliyomwagwa jana. Karatasi ikasema hivyo ni viumbe hai, laikeni, yaani kuvu na mwani vinavyoishi pamoja. Akaniuliza, "Papa, tumetoka Katanga kuja kuona uchafu wa mawe?" Nikachukua chupa ya maji ya kunywa, nikamwaga kifuniko kimoja. Tukachuchumaa. Mwanzo kimya. Kisha ile kutu ikaanza kujikunjua taratibu, kingo zikainuka kama mtu anayefungua ngumi, na ule weusi ukawa kijani mbele ya macho yetu. Kijana hakusema neno. Alininyang'anya chupa akamwaga kwingine, kisha kwingine, mpaka nikamkumbusha kwamba maji yale ndiyo ya kutwa nzima.

Mbele kidogo kuna jiwe la alama za magurudumu. Magurudumu gani? Ya mikokoteni ya ng'ombe, ya zama za kabla reli haijafika Windhoek mwaka 1902. Ganda la ardhi ile likishavunjwa halijirudishi, ndiyo maana unakatazwa kutoka nje ya njia hata hatua chache za tairi. Alama ya mkokoteni wa babu wa babu yako iko pale, na ya pikapu yako itakaa vilevile. Jiwe lingine linaonyesha mahali walipopiga kambi askari wa Afrika Kusini mwaka 1915, walipokuja kuwanyang'anya Wajerumani koloni. Kati ya hayo kuna bonde la mto Swakop, ambalo maji ya zamani yamelichimbachimba hata wakaliita nchi ya mwezi. Hapo nakubali, hapahitaji jiwe. Ukitazama chini unashika kofia.

Tulivuka bonde tukafika uwanda wa welwitschia. Mmea huu una majani mawili tu maisha yake yote. Mawili! Yanakua kutokea shinani bila kukoma, upepo unayapasua vipande vipande kama kanga kuukuu, ncha zinakauka, huku shina likiendelea kusukuma. Kuna dume na kuna jike. Kwa mbali ungesema ni rundo la matairi yaliyochomwa. Mkubwa wao wamemzungushia uzio, na wanakadiria kwamba ana miaka 1,500. Tulikula mkate na samaki wa kopo kando ya uzio ule, tukitamani bukari, ugali wetu, tukiheshimu lile rundo la matairi.

Nikirudi kwa mwandishi wenu: hoja yake ya mkoa wa madini haisimami. Jangwa lile lile ni la migodi. Urani ya Rössing inachimbwa tangu 1976, na mgodi mwingine wa urani, Husab, uko jirani kabisa na ule uwanda wa welwitschia. Malori ya migodi na pikapu za wageni yanatumia nchi moja. Wenzetu hawakungoja shimo liishe ndipo wakumbuke kwamba juu ya shimo kulikuwa na kitu.

Sasa nimpeleke wapi mgeni? Nianze na kitu ambacho kila mtu wa Lubumbashi amekipita leo asubuhi bila kukiangalia. Vichuguu. Si vile vidogo vya kufika kiunoni, nasema vile vya kwetu vinavyofika mita 8, vinavyotoa miti juu yake, ambavyo mtu akijenga jirani anaonekana ndiye mpangaji. Mwaka 2015 ilichapishwa kazi ya watafiti waliopima kwa kaboni umri wa vichuguu vya misitu ya miombo ya hapa Katanga. Kimoja kilionekana kina miaka zaidi ya 2,000. Wanamibia wamemzungushia uzio mzee wa miaka 1,500. Sisi mzee wa miaka 2,000 tunamkata kwa jembe, tunamkanyaga, tunamchoma, tunamuuza kama matofali.

Msinielewe vibaya. Nyumba ninayolala imejengwa kwa matofali ya kichuguu, na udongo ule hauna mpinzani. Sisemi watu wasijenge. Vichuguu ni vingi, kila upande wa mji vipo. Nauliza kama katika vyote hivyo tumeshindwa kukipa kimoja tu namba. Wakati wa mvua, kando ya njia, akina mama wanauza uyoga unaoota kwenye vichuguu hivyo, kofia yake pana kama mwavuli wa mtoto. Madereva wa kigeni wanasimamisha malori kupiga picha. Wameshajiwekea jiwe wenyewe, tunachokosa ni karatasi.

Kisha uendelee na barabara ya Likasi. Hapo kuna Shilatembo, mahali alipouawa Lumumba, waziri mkuu wetu wa kwanza, pamoja na wenzake Mpolo na Okito, tarehe 17 Januari 1961. Mbele ni Mwadingusha na maji ya mto Lufira. Upande wa kaskazini-mashariki ni mbuga ya Kundelungu, iliyoanzishwa 1970, na maporomoko ya Lofoi yanayoanguka zaidi ya mita 300. Mita 300, Bwana Mhariri, na wengi wa wasomaji wenu hawajayaona ila kwenye kalenda.

Hata mimi. Nilijaribu mara moja, kiangazi, na mke wangu na watoto, tukiwa na chakula cha kutwa. Barieri ya kwanza, yaani kizuizi cha barabarani, tulilipa, tukapewa risiti. Ya pili tulilipa, risiti zilikuwa "zimeisha". Ya tatu ilikuwa kamba iliyofungwa kwenye viti viwili vya plastiki. Mwenye kamba alitaka kujua kwa nini mtu aende porini na familia kama hana biashara huko. Nikamwambia tunakwenda kuangalia maji. Akacheka, akawaita wenzake waje wasikie. Sitaji idara ya mtu, kwa kuwa mpaka leo sijui kamba ile ilikuwa ya idara gani. Tulipofika ya nne jua lilikuwa limeshapinda, watoto wamelala, tukageuza. Chakula tulikilia chini ya mwembe karibu na mji. Siku ile ya Namib, tangu tulipoondoka Swakopmund hadi tuliporudi jioni, hakuna aliyetusimamisha hata mara moja. Kibali kilikaa juu ya dashibodi mpaka kikakunjamana kwa jua.

Na Namibia si peponi. Pale Swakopmund, makaburi ya Wajerumani yana majina na maua. Hatua chache kutoka hapo kuna vilima vidogo vya mchanga, vingi, havina jina lolote. Ni Waherero waliokufa katika kambi za Wajerumani wakati wa mauaji ya 1904 hadi 1908. Askari waliopita tu jangwani mwaka 1915 wana jiwe lao lenye namba. Kwa hiyo jiwe nalo lina mwenyewe, na kwetu pia itabidi tubishane nani aandikwe. Mimi ningeanza na wafanyakazi wa Union Minière, kampuni ya migodi ya wakati wa Wabelgiji, waliogoma hapa mjini Desemba 1941 wakapigwa risasi na askari wa mkoloni. Wengine watataka mengine. Tubishane, lakini tukiwa tumeshakubaliana kwamba mawe yatawekwa.

Ninachoomba kwa wakubwa wa mkoa hakihitaji mwekezaji wala mkutano wa hoteli. Greda moja ipite njia ya Kundelungu kila mwisho wa mvua. Malipo yawe mahali pamoja, hapa mjini, na karatasi moja inayoheshimiwa na kila mwenye kamba. Mawe, Mungu ametupa. Migodi inayamwaga kila siku. Rangi nyeupe kopo moja inatosha njia nzima. Na ile karatasi ya maelezo, walimu wetu wa chuo kikuu wataiandika kwa Kiswahili na Kifaransa kwa siku mbili, kama watalipwa.

Nina kiwanja nje ya mji, upande wa barabara ya Kasenga, na katikati yake kuna kichuguu. Mwezi uliopita wafyatua matofali walikuja na bei nzuri, mke wangu akaniangalia kwa jicho la kunihimiza. Nilikataa. Majirani wanasema jangwa limenipanda kichwani. Kijana wa Likasi alikuja Jumapili, akaleta jiwe kubwa kwenye boneti ya nyuma, tukaliweka mbele ya kichuguu na kuandika 1. Hadi sasa wamesimama watu watatu kuuliza liko wapi la 2.

Msomaji wenu,
Katuba, Lubumbashi