Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Wachezaji wa Bao la Kiswahili

Wazee wetu, ndugu zangu wanachama, assalamu alaykum.

Tunamshukuru Mungu kutukutanisha tena. Hatuko sote. Mwaka huu tumeondokewa na mzee aliyewafunza nusu ya waliokaa hapa, na nyote mnamjua nimsemaye. Alikuwa akikuambia kete yako italala shimo gani kabla hujaishika. Tulimzika alasiri, na usiku ule nilikaa nikajaribu kukumbuka mchezo wake mmoja tu, tangu mwanzo hadi hamna, yaani hadi safu ya mbele ya mmoja ikaisha. Sikuweza. Niliwauliza wenzangu wa barazani, nao hawakuweza. Taarifa yangu ya mwaka huu inatokana na usiku ule.

Ya kiofisi niyamalize haraka. Mbao mbili zililiwa na mchwa. Moja imetengenezwa, ya pili imebidi tuchonge mpya ya mvule. Komwe zilizopungua, yaani mbegu tunazozifanya kete, vijana wameziokota pwani, hatukununua hata moja. Ada zinasuasua, na mweka hazina atawasomea majina yeye mwenyewe. Ukumbi tulioahidiwa kwa mashindano tulinyimwa asubuhi ya siku yenyewe, tukacheza chini ya mwembe, na mashindano yakaisha salama.

Sasa nizungumzie mchezo wa fainali, kwa sababu naona umetufunza kuliko mengine yote. Kijana wetu alicheza na mmoja wa wazee. Tulikuwa bado kwenye namua, awamu ya kwanza, kila mmoja ana kete mkononi za kutia ubaoni moja moja kila zamu. Kijana akala, akapanda kete moja moja kila shimo, kete yake ya mwisho ikaingia nyumbani mwake, lile shimo kubwa la safu ya mbele, na shimo la mwenzake lililoelekea lilikuwa tupu. Angeweza kulala pale, yaani kumaliza zamu. Akachagua safari. Akaimwaga nyumba yote, akala mara mbili zaidi, watazamaji wakapiga makofi. Mzee hakusema neno. Akanamua kete moja pembeni, akaacha nyumba yake inenepe.

Baada ya zamu chache kijana alikuwa na kete nyingi kuliko mzee, lakini zimejaa safu ya nyuma. Za nyuma haziliki, kweli, ila pia hazikuokoi, maana anayefungwa ni yule ambaye safu yake ya mbele imekwisha. Mzee alimla kichwani, shimo la mwisho wa safu, akamla kwenye kimbi lililo jirani yake, na mbele pakawa peupe. Kijana alifungwa mkononi, bado ana kete za kunamua na hana shimo la kuzitia. Alikaa akiutazama ubao kwa muda mrefu, na hapo nikajua atakuwa fundi wa bao.

Vijana wengi huuliza kwa nini hatuwaachi waanze moja kwa moja na mtaji, yaani kete zote ziwe ubaoni tangu mwanzo kama kwenye bao la kujifunza. Jibu ni lile mliloliona chini ya mwembe. Kila mtu anaanza na kete sita nyumbani, mbili mbili kwenye mashimo mawili ya kulia kwa nyumba, na ishirini na mbili mkononi. Hizo 22 ni maamuzi 22 ya wapi uweke uzito na lini uivunje nyumba. Anayefika kwenye mtaji bila kupita hapo anajua kuhesabu tu. Wala mtaji si mwepesi: kuna kutakasa, yaani kupanda bila kula, na kumtakasia mwenzako hadi shimo lake moja lisiondoke, na kuna ukomo wa kete 15 kwa shimo la kuanzia kula. Lakini mzizi uko kwenye namua.

Kuna jambo jingine nililolitafakari sana mwaka huu. Mwaka 2002 watafiti wawili wa Amsterdam walipata jibu kamili la mchezo wa awari wa Afrika Magharibi kwa kompyuta: mashimo 12, kete 48, hali zaidi ya bilioni 889 zilipitiwa, na jibu ni sare, wote wawili wakicheza bila kosa. Mwaka 2007 dama ya ubao wa miraba 64 nayo ilipatiwa jibu huko Kanada, sare pia. Michezo yote hiyo miwili ina tabia moja: kinacholiwa kinatoka ubaoni. Mchezo unapungua, na mashine inaanza na ubao mdogo wa mwisho ikirudi nyuma hatua kwa hatua. Bao letu halipungui. Kete 64 zilizoanza ndizo zitakazomaliza, kwani ninachokula kwako nakipanda kwangu. Dakika ya mwisho ubao umejaa vilevile, na zamu moja inaweza kuugeuza wote. Bao halijapatiwa jibu na mashine yoyote, na mimi naamini kutopungua huku ndiko kina chake kikubwa.

Mholanzi Alexander de Voogt alikuja Zanzibar kukaa na mafundi, na mwaka 1995 utafiti wake juu yao ukatoka Leiden, Uholanzi. Nashukuru alikuja. Lakini inaniuma kwamba aliyeyaandika ya mafundi wetu alitoka mbali hivyo, nasi tuliokaa nao kila magharibi hatuna hata ukurasa mmoja.

Kwa hiyo kamati imekubaliana tuanze kuandika michezo, na naomba mkutano huu upitishe. Si kazi kubwa kama inavyodhaniwa. Zamu inaweza kuhamisha kete thelathini, lakini mchezaji anachagua mambo machache tu: shimo gani, upande gani, na kama nyumba imelala au imesafiri. Mengine yote yanajiendesha. Mashimo ya mbele tutayaita 1 hadi 8 kutoka kushoto kwa mchezaji, ya nyuma 9 hadi 16, na upande tutaandika K au S kwa kulia na kushoto. Zamu nzima inakaa kwenye mstari mmoja.

Mabinti wanaokuja darasa la Jumamosi wamekwishaanza, na ndio watakaotuonyesha leo. Daftari la kwanza liko kwa katibu. Wazee mliobaki, nawaomba baada ya chai mkae mcheze michezo miwili, nao waandike.

Mwenyekiti